Somo: Pima gharama ya mdundo wa saa katika kerneli ya Linux kabla ya kubadilisha chochote

Kerneli, yaani kitovu cha mfumo endeshi, hugawa muda wa prosesa kwa msaada wa taima ya maunzi, inayokatiza kazi kila baada ya kipindi fulani; kila mkatizo huo ndio mdundo. Mdundo unapofika, kiini cha prosesa huacha programu kiliyokuwa kikiiendesha, kerneli husasisha hesabu za muda na kukagua taima zilizokomaa, kisha mpangaji kazi huamua kama programu hiyo iendelee au ipishe nyingine. Wengi hukimbilia kupunguza midundo, ilhali mara nyingi mzigo hutoka kwa programu zinazojiamsha bila sababu.

Hatua ya 1. Fahamu kasi ya mdundo kwa amri `grep CONFIG_HZ /boot/config-$(uname -r)`. Utakuta 100, 250, 300 au 1000, yaani idadi ya midundo kwa sekunde. Toleo la 2.6.13 la mwaka 2005 lilishusha thamani ya kawaida kutoka 1000 hadi 250, yaani mdundo mmoja kila milisekunde 4. Tukichukulia kwamba mdundo mmoja hutumia mikrosekunde 2, kasi ya 250 hula asilimia 0.05 ya muda wa kiini, na kasi ya 1000 hula asilimia 0.2. Hesabu hiyo haijagusa kache (hifadhi ndogo ya kasi ndani ya prosesa), ambayo data ya programu inaweza kuondolewa humo ili kupisha data ya kerneli, wala umeme unaopotea kiini kinapoamshwa kutoka usingizi mzito.

Hatua ya 2. Hesabu mikatizo yenyewe. Kwenye prosesa za x86 (aina ya Intel na AMD), endesha `grep LOC /proc/interrupts`, inayoonyesha mikatizo ya taima kwa kila kiini, subiri sekunde 10, kisha uirudie na utoe tofauti ya kila safu. Kwa kasi ya 250, kiini chenye kazi mfululizo kitaonyesha takriban 2,500, na kiini kilicholala kitaonyesha kidogo sana, kwa kuwa tangu toleo la 2.6.21 la mwaka 2007 kerneli inaweza kusimamisha mdundo pasipo na kazi. Ukiona 9,000, usiilaumu kasi ya mdundo: ziada hiyo kwa kawaida imetoka kwenye taima za usahihi wa juu, ambazo hukatiza kwa wakati wake bila kungoja mdundo, na nyingi kati ya hizo huombwa na programu.

Hatua ya 3. Fungua `powertop`, zana ya kupima matumizi ya umeme, uone ni mchakato upi unaoamsha prosesa mara nyingi. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote. Programu inayolala milisekunde 1, ikakagua foleni tupu, kisha ikalala tena, huamka karibu mara 1,000 kwa sekunde bila kufanya kazi yoyote. Iandikwe upya isubiri tukio kwa `epoll`, njia ya kerneli ya kuiamsha programu pale tu kazi inapofika, na kuamka huko kutakwisha.

Hatua ya 4. Hakiki chanzo cha saa katika `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`. Kikiwa `tsc`, kihesabu kilichomo ndani ya prosesa, programu husoma muda bila kuingia ndani ya kerneli. Kikiwa `hpet`, taima iliyo nje ya viini vya prosesa, kila usomaji ni ghali zaidi, na programu inayoweka muda kwenye kila mstari wa kumbukumbu zake za matukio (logi) itaathirika.

Maswali ya wanachama

*Swali: Kasi ikiwa 100, je, programu haiwezi kulala chini ya milisekunde 10?*

Inaweza. Msingi wa taima za usahihi wa juu uliingia katika toleo la 2.6.16 mwaka 2006, na `nanosleep`, wito wa kulala kwa muda maalumu, hutumia taima hizo. Kwa kazi za kawaida, kerneli huruhusu kuchelewa kwa mikrosekunde 50 ili taima zilizokaribiana ziamke pamoja. Kiasi hicho hubadilishwa kwa `prctl`, wito wa kubadilisha mipangilio ya mchakato.

*Swali: Nimeweka `nohz_full=2-3`, lakini mdundo bado upo kwenye kiini cha 2. Kwa nini?*

`nohz_full` huiruhusu kerneli kusimamisha mdundo hata kiini kikiwa na kazi, lakini pale tu kinapokuwa na kazi moja iliyo tayari kuendeshwa. Zikiwa mbili, mpangaji kazi anauhitaji ili azigawie muda. Mpangilio huo hauhamishi michakato mingine kwa niaba yako, hivyo iondoe kwenye viini hivyo kwa `taskset` au `cpuset`, zana za kuchagua viini ambavyo mchakato utatumia, kisha urudie hatua ya 2.