Jinsi ya Kumlipa Mfanyakazi Aliye Katika Likizo ya Ugonjwa

Katika biashara nyingi ndogo za Nakuru na Kisumu, iwe ni duka la vifaa vya ujenzi, karakana ya magari au hoteli ya samaki kando ya ziwa, mwenye biashara ndiye anayeandaa mishahara kila mwisho wa mwezi, na mara nyingi swali la likizo ya ugonjwa humfikia siku ile mfanyakazi anapokosekana kazini. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Migogoro inayofika kwa afisa wa leba, au hata katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, huzuka kwa sababu kuna mambo ambayo mwajiri hakuyaamua wala kuyaandika kabla mtu hajaugua.

Anza kwa kujua kiwango kinachokuhusu. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Kipindi hicho huhesabiwa tangu tarehe ya kuajiriwa, ingawa mwajiri anaruhusiwa kuwawekea wafanyakazi wake wote tarehe moja ya kuanzia mwaka, jambo ambalo hurahisisha sana utunzaji wa kumbukumbu. Hicho ni kiwango cha chini tu. Mkataba au makubaliano na chama cha wafanyakazi yakitoa zaidi, hayo ndiyo yanayofuatwa, na Amri ya Jumla ya Mishahara, yaani kanuni ya serikali inayoweka masharti ya chini ya kazi, inataja siku 30 kwa mshahara kamili na 15 kwa nusu. Kwa hiyo mwajiri anayeshikilia zile siku 7 kwa sababu amezisikia mahali anaweza kumpunja mfanyakazi wake bila kujua. Tafuta amri ya mishahara ya sekta yako na uisome kabla ya kukata hata shilingi moja.

Usidhani kwamba kibarua hahusiki. Kifungu cha 37 kinasema kwamba anayeajiriwa kwa kutwa akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, ajira yake hugeuka kuwa ya mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na akiendelea kwa miezi miwili au zaidi tangu alipoanza, anastahili masharti yale yale ambayo angepewa kama hangeanza kama kibarua.

Hatua inayofuata ni ushahidi. Mfanyakazi anatakiwa kukuarifu, au kuagiza mtu akuarifu, mapema kadiri inavyowezekana, kisha alete cheti kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu au na anayesimamia zahanati au kituo cha afya kwa niaba yake. Huku magharibi, misimu ya mvua huleta malaria nyingi, na wagonjwa wengi huondoka zahanati wakiwa na dawa pamoja na kijitabu cha matibabu pekee. Waeleze wafanyakazi wako mapema kwamba risiti ya duka la dawa haitoshi, na kwamba waombe cheti kinachoonyesha tarehe na idadi ya siku za mapumziko. Huna haja ya kudai jina la ugonjwa: habari za afya ya mtu ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kinachohitajika kwa mshahara ni tarehe tu. Weka cheti katika faili lake na uandike siku alizotumia na zilizobaki, kwa kuwa sheria inamtaka mwajiri awe na kumbukumbu hizo.

Sasa hesabu ya siku, ambapo ndipo watu hukosana. Sheria inapozungumzia likizo ya mwaka inataja siku 21 za kazi, lakini kwa likizo ya ugonjwa inasema siku, basi. Je, Jumapili iliyo katikati ya cheti ihesabiwe? Kwa maoni yangu ni busara kuhesabu siku za kazi peke yake, kwa kuwa Jumapili mfanyakazi huyo angepumzika hata akiwa mzima. Utakalochagua liandikwe katika mkataba, pamoja na kigawanyo cha kupata ujira wa siku, 26 au 30, na lisibadilike kulingana na nani ameugua.

Tuchukue muuza duka wa Kisumu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 20,800 na marupurupu ya nyumba ya shilingi 3,200, ambaye, kwa ajili ya mfano huu tu, tuchukulie kwamba anafuata siku 7 na 7 na hakuna amri inayompa zaidi, na ambaye ameugua siku 12 za kazi. Ujira wake wa siku ni 20,800 kugawanya kwa 26, yaani 800. Siku 7 za kwanza hazipunguzwi. Siku 5 zilizobaki zinapunguzwa 400 kila moja, jumla 2,000. Marupurupu ya nyumba ningeyaacha yalivyo, maana mwenye nyumba wa Manyatta hapunguzi kodi kwa sababu mpangaji wake anaumwa. Jumla ya malipo inabaki 22,000, na makato ya lazima hufanywa kwa kiasi hicho kipya: SHIF, yaani mchango wa bima ya afya ya jamii, ya asilimia 2.75 ni 605, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 inayokwenda kwa mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu ni 330, na NSSF, mchango wa hazina ya hifadhi ya jamii, ya asilimia 6 ni 1,320. Kodi ya mapato inafutwa na nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, kwa hiyo anapokea 19,745. Mwajiri naye analipa sehemu yake ya NSSF na ya tozo ya nyumba, na kuwasilisha yote kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Katika hati ya mshahara, onyesha zile 2,000 katika mstari wake pekee ili mfanyakazi aone zimetoka wapi.

Aliyeumia akiwa kazini, kwa mfano kwenye shamba la maua la Naivasha, hawekwi katika hesabu hii. Yeye analindwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na mwajiri anatakiwa kuripoti ajali hiyo kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7.

Siku zote zikiisha na mtu bado mgonjwa, mnaweza kukubaliana atumie likizo yake ya mwaka au apumzike bila malipo, na makubaliano hayo yaandikwe. Ikiwa hali inaonyesha kwamba hataweza kurudi kazini, kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na usikilize majibu yao kabla ya kuamua kukatisha ajira.