Karura baada ya mvua
Wapendwa wa Nairobi, mkipanga kutembea polepole msitu wa Karura na usiku kulinyesha, ngojeni jua lipige kidogo kwanza, maana ule udongo mwekundu wa kushuka kwenda maporomoko ya maji unateleza vibaya sana, viatu vya soli laini havishiki kabisa. Maji beba kwa chupa ya kutumia tena na tena, plastiki za mara moja zilipigwa marufuku msituni tangu Juni 2020 na mimi nashukuru sana, ule mto unastahili. Ndizi ficha ndani ya begi, kima wana macho. Kwa makutano kuna vibao vya namba, piga picha kila kimoja ukipita, kurudi hutapotea. Na kama uko na shosho magoti yanamsumbua, achaneni na mteremko, njia pana za juu zinatosha.