Somo: Namna ya Kujitolea Kuwasaidia Wagonjwa wa Saratani Hospitalini

Watu wengi huingia wodi ya saratani wakiwa na huruma tele lakini hawajui mipaka ya kazi waliyoiendea, na hapo ndipo huruma hiyo hiyo hugeuka mzigo kwa mgonjwa na kwa wauguzi. Msimamo wangu ni kwamba mgonjwa humhitaji zaidi mtu anayekuja kila juma, kwa saa aliyoahidi, kuliko anayekuja mara moja na mikono imejaa zawadi.

Hatua ya kwanza: Pitia njia rasmi

Usiingie wodini kwa sababu tu unafahamiana na muuguzi. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, au kwa mratibu wa wanaojitolea kama yupo, ueleze siku na saa unazoweza kutoa bila kuyumba. Huenda ukaulizwa kuhusu wadhamini, afya yako na chanjo ulizopata. Ikiwa umefiwa na mtu wako wa karibu kwa saratani hivi karibuni, liseme hilo wazi. Baadhi ya hospitali humtaka mtu wa namna hiyo asubiri kwanza, nami naona ni haki, kwa sababu mgonjwa hapaswi kubeba msiba wa anayekuja kumfariji.

Hatua ya pili: Jifunze kiasi cha kukutosha

Saratani haiambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kukaa pamoja. Mgonjwa anayepigwa mionzi kwa mashine iliyo nje ya mwili habaki na mionzi akishatoka chumbani, kwa hiyo usimkwepe. Aliyewekewa chanzo cha mionzi mwilini, au aliyepewa iodini ya mionzi, ana masharti yake, na wahudumu ndio watakaosema nani aingie na kwa muda gani.

Jambo la kulielewa vizuri zaidi ni tibakemikali, yaani matibabu ya saratani kwa dawa za kemikali. Dawa zake nyingi hushambulia chembe zinazogawanyika haraka, za saratani na za kawaida pia, ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda, na uboho ulio ndani ya mifupa hupunguza kutengeneza chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi. Kwa dawa nyingi, chembe hizo hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na katika siku hizo homa ya nyuzi 38 za Selsiasi ni dharura hata kama mgonjwa anaonekana mchangamfu. Ukimshika mkono ukahisi joto, au akikwambia anatetemeka kwa baridi, mwite muuguzi papo hapo. Usimpe dawa ya kushusha homa, kwani inaweza kuificha dalili ambayo daktari anaihitaji.

Hatua ya tatu: Jiandae kabla ya kuingia

Osha mikono kwa maji na sabuni kwa sekunde 20 hivi, kila uingiapo na kila utokapo. Ukiwa na mafua, kikohozi au tumbo la kuhara, toa taarifa ubaki nyumbani. Usijipake manukato, kwa kuwa harufu ambayo wewe huisikii tena yaweza kumtapisha mgonjwa.

Hatua ya nne: Kando ya kitanda

Bisha hodi hata kama mlango u wazi, jitambulishe, kisha uliza kama huu ni wakati mzuri. Akisema hapana, mshukuru uondoke bila kinyongo. Pengine hilo ndilo jambo pekee aliloliamua mwenyewe siku hiyo, baada ya wengine kumpangia saa ya sindano, ya vipimo na ya kulala.

Akikukubalia, vuta kiti ukae, macho yenu yalingane, kisha tazama kilichomzunguka. Mara nyingi utakuta kikombe kimewekwa upande wa mkono wenye dripu, hivyo hawezi kukifikia bila kuuvuta mpira; kengele ya kumwitia muuguzi imeteleza nyuma ya mto, na miwani imefungiwa kwenye droo. Kuyaweka sawa hayo ni kazi ya dakika mbili, lakini huamua kama usiku ataweza kunywa maji bila kumsumbua mtu. Hata hivyo, usimpe maji wala chakula kabla ya kumuuliza muuguzi, kwa sababu huenda anasubiri upasuaji au ana shida ya kumeza.

Katika mazungumzo, acha kumwambia kwamba atapona tu, au kwamba jirani yako alikuwa na ugonjwa huo huo. Mpe pole, kisha umwache achague mada. Wapo wanaopenda kuzungumzia mpira au watoto wao saa nzima bila kuutaja ugonjwa, nao wana haki hiyo.

Hatua ya tano: Usivuke mipaka

Usisome faili, usifasiri majibu ya vipimo, usipige picha, usiahidi fedha, wala usisimulie habari za mgonjwa popote, hata kwa mwenzi wako. Usipendekeze mitishamba, kwa kuwa baadhi yake hubadilisha namna mwili unavyozitumia dawa za hospitali.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ahsante kwa somo. Mgonjwa akiniuliza kama atakufa, nimjibu nini?

Jibu: Usimjibu ndiyo wala hapana. Muulize kwa upole ni nini kimemfanya awaze hilo leo, kisha usikilize hadi mwisho. Akitaka majibu ya kitabibu, omba ruhusa yake umweleze muuguzi ili daktari aje azungumze naye.

Swali: Ndugu zake hawataki ajue kuwa ana saratani, naye ananiuliza mimi. Nifanyeje?

Jibu: Usimdanganye na usimfichulie. Mwambie kwamba swali hilo ni la daktari, na kwamba ana haki ya kumuuliza. Kisha mjulishe msimamizi wa wodi, ili asikuachie wewe mzozo wa familia.

Swali: Mimi ni mjamzito. Je, ninaruhusiwa?

Jibu: Mweleze mratibu mapema. Kukaa na kuzungumza na mgonjwa kwa kawaida hakuna tatizo, lakini usiguse matapishi, mkojo wala mashuka yaliyochafuka, kwa sababu mabaki ya tibakemikali hutoka mwilini kwa njia hizo, hasa katika saa 48 za kwanza. Vyumba vya wagonjwa wenye mionzi mwilini usiingie kabisa.

Swali: Mgonjwa wangu amehamishiwa huduma shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu na mateso. Maana yake wamemkatia tamaa?

Jibu: Hapana. Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, jijini London mwaka 1967, alisisitiza kutuliza maumivu ya mwili pamoja na ya nafsi, na siku hizi huduma hiyo yaweza kutolewa sambamba na matibabu ya saratani. Endelea kumtembelea kwa siku na saa zile zile, ila muulize muuguzi kama muda wa kukaa naye upunguzwe.