Kufaili Roth ya mlango wa nyuma bila kulipa kodi mara mbili

Msimu wa kodi ukifika hapa Houston, simu nyingi ninazopokea ni za manesi. Ovataimu imepanda, mume naye anaendesha lori, kipato cha nyumba kimevuka kiwango, na mtu amesikia kazini kwamba kuna njia ya kuingiza pesa kwa mlango wa nyuma kwenye Roth IRA, akaunti ya akiba ya uzeeni inayopokea pesa zilizokwisha kukatwa kodi. Ameifuata na mambo yamekwenda vizuri. Kisha Februari anafungua programu ya kodi, anajaza 1099-R, ile karatasi inayoonyesha pesa zilizotoka kwenye akaunti ya uzeeni, na kile kiasi cha marejesho kinachoonekana juu ya skrini kinaporomoka kwa dola elfu na zaidi. Hapo ndipo simu yangu inalia.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Sielezi namna ya kufungua akaunti wala kuhamisha pesa. Hayo yanafanyika kwa kubofya mara chache tu. Nachukulia umeshabadili, yaani umeshahamisha pesa kutoka IRA ya kawaida kwenda Roth, na sasa unataka ritani, zile fomu za kodi unazotuma serikalini, iseme ukweli.

Tuelewane kwanza. Kwa mwaka wa kodi 2025, wanandoa wanaofaili pamoja huanza kupunguziwa haki ya kuchangia Roth IRA mapato yakifika dola 236,000, na zikifika 246,000 mlango unafungwa. Kwa asiye na ndoa ni 150,000 hadi 165,000. Lakini tangu 2010 hakuna kikomo cha mapato kwa anayebadili IRA ya kawaida, ile ambayo kodi hulipwa wakati wa kutoa pesa, kuwa Roth. Basi watu huweka dola 7,000 (kikomo cha 2025; 8,000 ukiwa na miaka 50 au zaidi) kwenye IRA ya kawaida bila kuchukua punguzo la kodi, halafu wanazihamishia Roth. Ni halali kabisa. Jina la mlango wa nyuma lisikutie hofu, hakuna aliyehongwa.

Shida yote iko hapa: kampuni inayotunza akaunti yako haijui kama pesa zile zilishalipiwa kodi. Inachojua ni kwamba dola 7,000 zimetoka kwenye IRA, na hicho ndicho inachowaambia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Wa kusema kwamba zilishakatwa kodi ni wewe, na mahali pa kulisema ni Fomu 8606. Programu haitaijaza sawasawa usipoipa habari zote, na habari zenyewe zimetawanywa sehemu mbili zisizokaa jirani.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi

Unahitaji 1099-R ya mwaka uliobadili, taarifa ya akaunti inayoonyesha tarehe uliyochangia, na ritani ya mwaka jana, hasa ukurasa wa Fomu 8606 kama upo.

Soma 1099-R kabla ya kuandika chochote. Kisanduku cha 1 na cha 2a mara nyingi vina kiasi kilekile, na 2b kina alama inayosema kiasi cha kutozwa kodi hakijabainishwa. Ni kawaida, usipige simu kuomba warekebishe. Kisanduku cha 4, kodi iliyozuiliwa, kiwe sifuri. Kama kina kitu, maana yake kuna pesa hazikufika Roth. Zinahesabika kama ulizitoa, na ukiwa chini ya miaka 59 na nusu zinaweza kukuletea faini ya asilimia 10. Kisanduku cha 7 kiwe na 2 kama hujafika umri huo, au 7 kama umeshaupita, na kile kisanduku kidogo cha IRA kando yake kiwe na alama. Ukikuta N au R, hiyo ni habari nyingine kabisa, na mwongozo huu haukuhusu.

Fomu 5498, inayoonyesha ulichochangia kwenye IRA, huwa inachelewa mpaka mwisho wa Mei, ritani ilishatumwa. Usiisubiri. Ikifika, itumie kuhakiki tu.

Hatua ya 2: Jaza 1099-R

Iandike kama ilivyo, neno kwa neno. Programu ikiuliza ulizifanyia nini pesa hizo, jibu kwamba ulizibadili zote kuwa Roth. Marejesho yataporomoka. Yaache yaporomoke, endelea.

Kama mmefaili pamoja, hakikisha umeiweka chini ya jina la mwenyewe. IRA haina ubia. Kila mmoja ana yake na Fomu 8606 yake, na ukiiweka ya mke chini ya mume hesabu nzima inaharibika bila onyo lolote.

Hatua ya 3: Nenda kwenye michango ya IRA

Hapa ndipo wengi hawafiki, kwa sababu wanadhani walimaliza kwenye 1099-R. Sehemu ya michango iko upande wa makato na nafuu za kodi. Chagua IRA ya kawaida, siyo Roth. Kila ninayemsaidia huwa amechagua Roth, kwa kuwa ndiko pesa zilikoishia. Hapana. Ulichangia IRA ya kawaida. Roth ilipokea pesa zilizobadilishwa, na hilo ulishalisema kwenye hatua ya 2. Ukichagua Roth, programu itakuambia umechangia kupita haki yako na kukutoza asilimia 6.

Andika 7,000. Kisha litakuja swali la mtego. TurboTax, moja ya programu za kodi, huliuliza kwa lugha ya kirafiki: je, ulibadili mawazo na kuhamisha mchango kutoka IRA ya kawaida kwenda Roth? Mtu anajisemea, "Ndiyo, si ndicho nilichofanya?" Sicho. Swali hilo ni la mtu aliyeomba kampuni iuchukulie mchango wake kana kwamba ulikuwa wa Roth tangu siku ya kwanza. Wewe uliacha mchango ubaki wa IRA ya kawaida, halafu ukabadili akaunti. Jibu hapana, au sifuri kama inataka kiasi. FreeTaxUSA nayo ina nafasi ya kiasi cha namna hiyo, iache tupu.

Mwisho itakuuliza kama unataka mchango huu usipunguze mapato yako. Kama una mpango wa akiba ya uzeeni kazini, yaani 401(k) au 403(b), na kipato chako ndicho hicho kikubwa, programu yenyewe itakunyima punguzo. Lakini kama nyumba nzima hakuna mwenye mpango wa kazini, itakupa punguzo bila kukuuliza sana. Likatae. Chagua kwamba mchango hauna punguzo, ili Fomu 8606 itoke ilivyo.

Angalia juu ya skrini sasa. Marejesho yamerudi. Kama hayajarudi, soma hatua inayofuata taratibu.

Hatua ya 4: Kama mchango na kubadili vimeangukia miaka miwili

Hii ndiyo hatua inayokula jioni nzima. Sheria inaruhusu kuchangia kwa ajili ya mwaka uliopita hadi tarehe ya mwisho ya kufaili, kwa kawaida Aprili 15. Lakini kubadili hakuna muda wa nyongeza: kunahesabiwa mwaka ule ule pesa zilipohama.

Chukua mfano wa dada mmoja wa ICU niliyekaa naye mezani na kompyuta mbili. Machi 2025 aliweka 7,000 kwa ajili ya 2024, akazibadili wiki ileile. Septemba 2025 akaweka 7,000 nyingine za 2025, nazo akazibadili. 1099-R yake ya 2025 inasema 14,000. Anaingia sehemu ya michango, anaandika 7,000 za 2025, na programu inamtoza kodi kwenye zile 7,000 nyingine. Kwa kiwango chake cha kodi cha asilimia 24 hiyo ni dola 1,680, kwa pesa zilizokatwa kodi tayari.

Zile za kwanza ziko kwenye ritani ya 2024, au zilipaswa kuwapo. Ritani ya 2024 ilitakiwa kuwa na Fomu 8606 isiyohusiana na 1099-R yoyote: mstari wa 1, mchango wa mwaka huo, unasema 7,000, wa 3, jumla, unasema 7,000, kisha kwa kuwa hakubadili chochote mwaka huo, fomu inaruka mpaka mstari wa 14, nao unasema 7,000. Mstari huo wa 14 ndio msingi wako, yaani pesa zako zilizomo kwenye IRA za kawaida ambazo zilishalipiwa kodi. Unaingia kwenye mstari wa 2 wa fomu ya 2025. Hapo 2025 inakuwa hivi: mstari wa 1 ni 7,000, wa 2 ni 7,000, wa 3 ni 14,000, wa 8, kiasi kilichobadilishwa, ni 14,000, na wa 18, kiasi cha kutozwa kodi, ni sifuri.

Kwa hiyo tafuta swali linalouliza kama miaka iliyopita uliwahi kuchangia IRA bila punguzo. Programu nyingine huliuliza baada ya 1099-R, nyingine ndani ya sehemu ya michango. Jibu ndiyo, andika msingi. Kama unatumia programu ile ile ya mwaka jana inaweza kuuvuta yenyewe. Ukihama programu, usitarajie. Andika kwa mkono, ukisoma kwenye mstari wa 14, siyo kwa kumbukumbu.

Kuna swali jingine linaloshabihiana na hilo: kiasi gani cha mchango wa mwaka huu kiliwekwa kati ya Januari 1 na Aprili 15 ya mwaka unaofuata? Ukiwa kwenye ritani ya 2025, wanaulizia miezi ya mwanzo wa 2026. Zile za Septemba haziingii hapo. Jibu lake ni sifuri.

Na kama ritani ya 2024 ulishaituma Februari, kabla hujachangia Machi? Basi Fomu 8606 ya 2024 haipo IRS. Usijaribu kuutengeneza msingi kwenye ritani ya 2025 peke yake; tuma kwanza marekebisho ya 2024 kwa Fomu 1040-X pamoja na hiyo 8606. Kodi ya 2024 haibadiliki hata senti. Kuna faini ya dola 50 kwa kutoifaili 8606, ambayo husamehewa ukiwa na sababu ya maana. Afadhali hiyo kuliko 1,680.

Ushauri wangu, na sipendi kuuficha: changia kwa ajili ya mwaka uliomo na ubadili ndani ya mwaka huohuo wa kalenda, Januari kama unaweza. Hatua hii yote itakuwa haikuhusu.

Hatua ya 5: Salio la Desemba 31

Programu itataka jumla ya IRA zako zote za kawaida ilipofika Desemba 31. Zote, siyo ile uliyoibadili tu. SEP na SIMPLE, zile IRA za waliojiajiri na biashara ndogo, zimo. 401(k), 403(b), Roth na akaunti za mwenzi wako hazimo.

Madereva wa lori wanaojiendeshea biashara wasome hapa mara mbili, maana mhasibu aliwafungulia SEP na wengi wameisahau. Tuseme SEP ina 63,000, uliweka 7,000 kwenye IRA ya kawaida na kubadili hizo tu. IRS hawakubali uchague kwamba umebadili zile zilizolipiwa kodi. Wanachanganya zote kama maziwa kwenye chai: 7,000 kati ya 70,000 ni asilimia 10, kwa hiyo katika zile 7,000 ulizobadili ni 700 tu zisizo na kodi, na 6,300 zinatozwa. Msingi uliobaki, 6,300, unasubiri kwenye mstari wa 14.

Dawa ipo, ila ni ya kabla ya Desemba 31: hamisha pesa zisizolipiwa kodi kwenda 401(k) au 403(b) ya kazini, kama mpango unapokea. Na ukishabadili huwezi kutengua. Ruhusa hiyo iliondolewa kuanzia 2018.

Kama salio ni sifuri, andika sifuri. Usiache tupu.

Hatua ya 6: Fungua fomu zenyewe

Usiamini muhtasari wenye rangi za kijani. Fungua PDF. Kwenye 1040, fomu kuu ya ritani, mstari wa 4a uwe na kiasi ulichobadili, na 4b uwe sifuri au faida ndogo tu. Kama 7,000 zilizaa zikawa 7,040 kabla hujazihamisha, 4b itasema 40, au 42 kwa programu inayokadiria sehemu kwa desimali tatu. Dola mbili hizo ziache.

Kwa sababu ya hatua hii mimi natumia FreeTaxUSA: ritani ya shirikisho ni bure hata ikiwa na 8606, na fomu naziona kabla ya kutuma. Ukitaka TurboTax, nunua ile ya kusakinisha kwenye kompyuta, maana unaweza kuingia kwenye fomu yenyewe na kuona kila mstari. Kwa simu ya mkononi, kazi hii usiifanye kabisa.

Sisi wa Texas hatuna kodi ya jimbo kwenye mapato. Wewe wa Minnesota au California angalia pia kama kiasi cha 4b kimeingia sawasawa kwenye ritani ya jimbo.

Hifadhi PDF ya 8606 ya kila mwaka kwenye folda yake, mbali na programu. Ukibadili kampuni ya kodi, akaunti ya zamani inaweza kukudai malipo ndipo ikuonyeshe mstari wa 14.