Kabla hujabadilisha mkono wa shawa: mambo ya kuandaa na kukagua

Mkono wa shawa ni kile kibomba kifupi kilichopinda, kinachotokeza ukutani na kubeba kichwa cha shawa. Kuubadilisha huonekana kazi ya dakika kumi: zungusha wa zamani, toa, funga mpya. Mara nyingi huwa hivyo kweli. Ila nyuma ya vigae, mahali usipopaona, mkono huo umeingia kwenye elbo, yaani kiungo cha kona kinachouunganisha na bomba la ukutani, na elbo ndiyo inayonitia wasiwasi kila ninaposhika spana bafuni. Mkono ukivunjika utanunua mwingine. Elbo ikipasuka, au ikizunguka na kulisokota bomba lililo nyuma yake, utavunja ukuta. Karibu kila ninachokieleza hapa ni cha kuilinda elbo hiyo.

Anza kwa kuhakikisha kwamba mwenye kosa ni mkono. Maji yanayodondoka kichwani wakati shawa imefungwa yanatokana na koki, na mkono mpya hautayazuia. Maji yanayochuruzika kwenye kiungo cha kichwa na mkono mara nyingi huisha kwa kubadilisha mpira wa ndani ya kichwa. Kuna pia hali moja inayowadanganya wengi: kichwa kinavuja juu, maji yanarudi nyuma yakiambaa mgongoni mwa mkono hadi ukutani, na mwenye nyumba anaamini uvujaji umetoka ndani ya ukuta. Vuta mbele kile kisahani kinachoziba tundu, kausha kila kitu kwa kitambaa, fungua maji, kisha mulika tundu kwa tochi. Mkono wenye ufa, wenye kutu iliyokula hesi (ile mifereji ya kuzungushia kama ya skrubu), au unaovujia pale unapoingia kwenye elbo, huo ubadilishe.

Ukiwa na tochi mkononi, tazama bomba la ndani ni la aina gani. Bomba la chuma la miaka mingi hushikana na mkono kwa kutu, na hapo ndipo mikono hukatika. Bomba la shaba nyekundu ni jembamba na husokoteka. Kwenye mabomba ya plastiki, elbo huwa na kipande cha shaba ya njano chenye hesi kilichopachikwa ndani ya plastiki, na ukikaza kupita kiasi kipande hicho kinaweza kuzunguka peke yake. Kisha shika mkono, uutikise taratibu. Ukisikia bomba linacheza ukutani, elbo haijashikizwa vizuri. Ukiona hivyo, mwite fundi bomba kabla hujagusa kitu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kubomoa vigae.

Kuhusu maji, usitegemee koki ya shawa peke yake. Ikiwa imefungwa, mkono hauna shinikizo, lakini elbo au bomba likipata ajali utahitaji kuzima maji ya nyumba nzima kwa haraka. Ijaribu koki kuu siku moja kabla: koki ambayo haijaguswa kwa miaka inaweza kuganda, au ikafunga nusu tu. Kama nyumba ina tangi la juu, kumbuka kwamba koki ya mita haiyazuii maji yaliyomo tangini. Tafuta koki ya bomba linaloshuka kutoka humo. Jaza ndoo mbili tatu. Chagua asubuhi ya siku ambayo maduka yamefunguliwa, kwa sababu kifaa unachokihitaji sana utakigundua ukiwa tayari umeshalifungua bomba.

Kama mkono umebeba shawa ya umeme inayopasha maji hapo hapo, zima swichi yake kuu kabla ya yote, na kazi ya kufungua nyaya mwachie fundi umeme. Hapa sina mjadala.

Tukija kwenye ununuzi, mikono mingi huitwa ya nusu inchi, lakini usishangae ukipima nje ya hesi ukapata takriban milimita 21. Nusu inchi ni jina la saizi ya bomba, wala si kipimo utakachokiona kwenye rula. Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kwamba duniani kuna mifumo miwili mikubwa ya hesi za mabomba: NPT inayotumika Marekani na Kanada, na BSP inayotumika sehemu nyingine nyingi. Kwa saizi ya nusu inchi, yote miwili ina hesi 14 katika kila inchi, kwa hiyo mkono wa mfumo mmoja unaweza kuanza kuingia vizuri kwenye elbo ya mfumo mwingine. Lakini pembe za hesi zinatofautiana, nyuzi 60 kwa NPT na 55 kwa BSP, na kiungo cha namna hiyo hakiaminiki hata ukikizungushia tepu nyingi. Muulize muuzaji, na soma maandishi ya kwenye boksi.

Pima pia kina cha elbo kutoka uso wa kigae. Vigae vikiwa vimebandikwa juu ya vingine vya zamani, elbo hubaki ndani sana na mkono wa kawaida haufiki. Urefu wa kawaida ni kati ya sentimita 15 na 20. Mirefu zaidi, ile ya vichwa vipana vya mvua, inapendeza, lakini uzito ulio mbali na ukuta huivuta elbo kila siku. Kwenye ukuta nisioujua, mimi huchagua mfupi wa shaba ya njano. Wa plastiki hauna kutu, ila hesi zake huharibika upesi.

Vifaa si vingi: spana ya bomba, kitambaa kinene cha kuukinga mkono mpya usikwaruzwe, mswaki wa zamani, mafuta ya kulegeza kutu, tredi tepu (utepe mwembamba wa kuzungushia hesi zisivuje), bleedi ya msumeno wa chuma, na kifuniko cha nusu inchi chenye hesi za ndani, ambacho wengi hukisahau. Ziba tundu la maji la sakafuni kwa kitambaa, kitu kidogo kikianguka kisipotee humo.

Kama mkono wa zamani umekwama, tia mafuta kwenye kiungo na uache angalau robo saa. Usiku kucha ni bora zaidi. Zungusha kinyume na mshale wa saa kwa nguvu ya polepole, bila kushtua. Ukikatika na kubakiza kipande ndani, usikate tamaa. Kuna kifaa chenye meno ambacho huingizwa ndani ya kipande na kukiuma kadiri unavyozungusha. Usipokipata, bleedi ya msumeno hukata mifereji miwili ndani ya kipande, kisha unakigonga kikunjike kuelekea katikati. Hapo mkono wako uwe mwepesi sana: simama mara uonapo hesi za elbo zinaanza kung'aa chini ya meno ya msumeno. Mfereji mmoja kwenye hesi hizo utavuja siku zote.

Mkono wa zamani ukishatoka, safisha hesi za elbo kwa mswaki mpaka mabaki ya tepu yaishe. Kisha mtu afungue maji kidogo, wewe ukiwa na ndoo, yasukume uchafu nje. Ukiuacha humo, utaziba vitundu vya kichwa.

Tepu ijaribu mapema kwenye mkono ukiwa umekaa mezani. Uelekeze mwisho wenye hesi kwako, acha hesi ya kwanza wazi, zungusha tepu kufuata mshale wa saa ukiivuta ikae ndani ya mifereji, mizunguko mitatu hadi mitano. Ikizungushwa upande mwingine, itajikunja na kutoka wakati wa kufunga. Ipitishie kidole gumba. Ikiwa imekaa sawasawa utahisi mabonde ya hesi chini yake.

Kumbuka kuvisha kisahani kabla ya kufunga. Anza kwa vidole tu; ikigoma kwenye mzunguko wa kwanza, hesi zimepishana, toa uanze upya. Baada ya vidole, kaza mzunguko mmoja hadi miwili hivi, uishie pale mdomo unapoelekea chini. Ukipitiliza, usirudishe nyuma hata kidogo, maana tepu iliyorudishwa hulegea: songa mbele mzunguko kamili kama unaruhusu, vinginevyo fungua uzungushie tepu mpya.

Sasa ndipo kifuniko kinapohitajika. Kichwa kikiwepo maji hutoka kwa uhuru na kiungo cha ukutani hakipati shinikizo la kutosha kukijaribu. Funga kifuniko mwishoni mwa mkono, fungua koki ya shawa, na umulike tundu kwa dakika kumi kisahani kikiwa mbele. Futa elbo kwa karatasi kavu ya choo. Unyevu mdogo kabisa utaonekana kama doa. Kukiwa kukavu, funga koki, toa kifuniko, funga kichwa na usukume kisahani ukutani. Ukikipaka silikoni, zungushia juu na pembeni, na uache wazi upana wa kidole upande wa chini, ili siku elbo ikianza kuvuja maji yateremke juu ya kigae uyaone.