Kano ya kisigino inauma na kigimbi kimekaza? Pima kwanza, kunyoosha baadae

Wakuu, mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Dar, na kila Kilimanjaro Marathon ikikaribia watu wa jogingi wanakuja na maneno yaleyale, "kano ya kisigino (ile kamba ngumu inayounganisha kigimbi na mfupa wa kisigino) inauma, kigimbi kimekaza kama ubao, nakinyoosha kila asubuhi wala hakilegei". Sasa sikia, mara nyingi hicho kigimbi sio kifupi, kimechoka na hakina nguvu ya kuisaidia kano kubeba mzigo, kwa hiyo kinajikaza kujilinda, na kukivuta hakukipi nguvu hata kidogo. Ndio maana naanza na kupima.

Hatua ya 1: hakikisha sio kitu kingine

Kama ulisikia mlio nyuma ya mguu ghafla, ukageuka kuangalia nani kakupiga teke, na sasa kusimama kwa vidole huwezi, kano inaweza kuwa imekatika, nenda hospitali leoleo. Kigimbi kimoja kikivimba, kina joto na kinauma hata ukiwa umekaa, hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji au kujifungua, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, hapo usichue wala usikande, hospitali pia.

Kingine watu hawasemi mpaka uwaulize: sipro (ciprofloxacin). Ile dawa tunayojinunulia dukani tumbo likichafuka au UTI ikisumbua ipo kwenye kundi la antibayotiki zinazojulikana kudhuru kano, na hatari inapanda ukivuka miaka 60 au ukiwa unatumia steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe). Kama maumivu yalianza ukiwa kwenye dozi au muda mfupi baada ya kumaliza, mwone daktari kwanza, mazoezi yasubiri.

Hatua ya 2: inauma wapi hasa

Binya kano kwa vidole viwili ukipanda taratibu toka kisiginoni. Maumivu yakiwa sm 2 mpaka 6 juu ya mfupa, ni katikati ya kano. Yakiwa palepale kano inaposhika mfupa, ni habari tofauti, maana mguu ukikunjwa sana kwenda juu kano inagandamizwa kwenye mfupa wa kisigino, na ile staili ya kusimama kwenye ngazi ukashusha kisigino kining'inie inakuongezea tatizo. Wewe wa kundi hili mazoezi yote fanya sakafuni, usishushe kisigino chini ya usawa wa vidole.

Hatua ya 3: pima vitu viwili

Cha kwanza urefu. Simama uangalie ukuta, kidole gumba cha mguu kiwe sm 10 toka ukutani, sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Rudi nyuma kidogokidogo mpaka goti lishindwe kugusa, pima kwa rula toka kidole gumba mpaka ukutani pale goti lilipogusa mwisho, alafu fanya mguu wa pili. Miguu ikipishana sm 2 au zaidi, hapo kweli kuna upungufu. Ila angalia unazuiwa na nini, kama ni kubana mbele ya kifundo basi shida ni jointi na kunyoosha kigimbi hakutasaidia.

Cha pili nguvu. Shika ukuta, simama mguu mmoja, goti limenyooka, panda kwa vidole na ushuke taratibu, hesabu mpaka ushindwe kufika juu. Fanya pande zote. Watu wengi wenye "kigimbi kilichokaza" wanafika vizuri tu ukutani alafu huku mguu unaouma unaishia njiani wakati mwenzake bado unaenda, basi jibu lako ndio hilo.

Hatua ya 4: kipe kigimbi mzigo

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Wa juu, gastroki, umeanzia juu ya goti kwa hiyo unafanya kazi sana goti likinyooka. Wa chini, soliasi, umeanzia chini ya goti na ndio unaobeba kazi kubwa ukikimbia, ila watu wanausahau kabisa. Kwa hiyo kupanda kwa vidole kunakuwa na mazoezi mawili, moja unafanya umesimama goti limenyooka, lingine umekaa kwenye kiti na dumu la maji juu ya paja karibu na goti (dumu la lita 20 ni kilo 20, huhitaji gym). Panda sekunde 3, shuka sekunde 3. Anza seti 3 za 15, siku 3 kwa wiki, na kadri wiki zinavyoenda ongeza uzito na upunguze idadi. Unaposimama uzito uwe begi la mgongoni lenye mchanga.

Kuna ule mpango maarufu wa daktari Alfredson wa Sweden wa 1998, kushusha kisigino taratibu mara 180 kwa siku, kila siku, wiki 12. Unafanya kazi, ila utafiti wa Denmark wa 2015 ulilinganisha na mazoezi mazito ya polepole mara 3 kwa wiki na matokeo yakakaribiana, sasa mtu mwenye kazi na watoto mie simpi 180.

Hatua ya 5: soma maumivu

Yape maumivu namba toka 0 (hakuna) mpaka 10 (makali kabisa), mpaka 5 wakati wa zoezi inakubalika, mradi kesho asubuhi yawe yametulia. Kipimo changu kikuu ni zile hatua za kwanza ukitoka kitandani: mguu ukiwa mgumu kuliko jana, punguza uzito, usiache kabisa.

Kigimbi kikikusumbua sana leo

Panda kwa vidole vya miguu yote miwili, ganda hapo sekunde 45, pumzika, rudia mara 5. Wengi wanasikia nafuu hapohapo. Kuchua kwa chupa au mti wa kusukumia chapati sawa, ila kwenye nyama tu, kano iache. Na kandambili weka pembeni kwa muda, vaa raba yenye kisigino kilichonyanyuka kidogo.

Kunyoosha nabakiza kwa aliyepungukiwa sm ukutani na anaumia katikati ya kano, sekunde 30 mara 3 inatosha.

Mbio zirudi taratibu, siku moja ndio moja hapana, tambarare kwanza, vilima mwisho kabisa. Na mtu akitaka kukuchoma sindano ya steroidi ndani ya kano muulize maswali kwanza, maana inaweza kuidhoofisha mpaka ikakatika.