SOMO: Kuotesha bustani ya kemikali kwa mrututu (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, nimechoka kujibu "nielekeze" inboksi. Naandika mara moja. Bustani ya kemikali ni matawi kama ya mmea yanayoota yenyewe ndani ya chupa, punje ya mrututu ikizama kwenye silikati.

Mahitaji: silikati ya soda ya maji (wanayo watengeneza sabuni za mche), mrututu wa mawe (salfeti ya shaba, ile ya bluu) kutoka duka la pembejeo, chupa ya kioo, glavu na miwani.

1. Changanya kikombe 1 cha silikati na vikombe 3 vya maji ya betri. Yale matupu ya kuongezea, SIYO asidi.

2. Weka chupa pasipotikisika.

3. Dondosha mrututu. Hapa ndipo nilipochemka. Nilikuwa na mrututu wa unga, nikamwaga kijiko kizima. Chupa ikawa uji wa bluu, hata tawi moja sikuona. Punje ikizama huvikwa ngozi nyembamba ya silikati ya shaba. Maji hupenya kuingia, mrututu unabaki ndani, ngozi inavimba hadi kupasuka. Kinachotoka ni chepesi kuliko silikati, kwa hiyo kinapanda, na palepale kinavikwa ngozi mpya. Unga unavikwa wote kwa mpigo, basi. Tumia vipande 4 au 5 vya ukubwa wa punje ya mchele, viachane, na USIKOROGE.

4. Subiri.

MASWALI

— Mkuu, yangu imeganda kama jeli.
— Maji gani?
— Ya betri.
— Yalikuwa asidi. Rudi namba 1.

— Chumvi ya mezani je?
— Haioti. Chumvi hiyo ni ya sodiamu, na silikati ya sodiamu inayeyuka, ngozi itatoka wapi?

— Nikitaka tawi jeupe?
— Jaribu shabu.

— Samahani mwalimu, mbona tawi langu moja limenyooka kama rula na mengine yamepinda?
— Swali zuri! Angalia nchani, huenda kuna kiputo cha hewa. Kinalivuta juu. Na fikiria hili: kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, ambako hakuna juu wala chini, matawi yalikwenda kila upande. Mchezo wenyewe ni wa zamani, mwanakemia Mjerumani Glauber aliuandika 1646.

— Nimemaliza, nimwage mtoni?
— Hapana! Shaba inaua samaki.

— Chupa yangu imebaki na ukungu, haitoki.
— Silikati ikikaukia kwenye kioo ndiyo basi tena. Osha ikiwa bado mbichi. Hiyo wekea misumari.